UZI: Nani hupanga bei ya mabati?

1/ Kila msimu wa siasa, kutoka Suneka hadi Nyansiongo, kuna mtu atashika maiki aseme makateli ndio wamefanya nyumba yako ikwame kwenye linta. Watu wanapiga makofi. Lakini kateli ni nini hasa, na imewahi kushikwa? Twende pole pole.

2/ Zamani serikali yenyewe ndiyo ilipanga bei. Sheria ya kudhibiti bei tuliirithi kwa mkoloni, na miaka mingi baada ya uhuru bidhaa kama unga, sukari na simiti zilikuwa na bei rasmi. Mwenye duka akizidisha, anashtakiwa.

3/ Mwaka wa 1988 ikapitishwa sheria ya kupunguza udhibiti huo hatua kwa hatua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, bei zilikuwa zimeachiwa soko. Hoja ilikuwa: kampuni zikishindana, bei itajizuia.

4/ Je, zikikataa kushindana? Wauza ndizi wote wa Daraja Mbili hawawezi kupatana bei. Kuna mmoja lazima atashusha. Lakini viwanda vya chuma ni vichache. Wakubwa wakiketi wakapatana, basi. Hiyo ndiyo kateli. Kosa si bei kuwa juu, kosa ni yale mapatano.

5/ Ndiyo maana ikaja Sheria ya Ushindani ya 2010, na Mamlaka ya Ushindani ya kuisimamia. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliotangulia.

6/ Sasa kesi yenyewe. Agosti 2023, baada ya uchunguzi ulioanza 2020, Mamlaka ilitangaza kuzitoza kampuni 9 za chuma jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupatana bei na kubana bidhaa sokoni. Corrugated Sheets ilitozwa kubwa zaidi, karibu milioni 87.

7/ Kwa hivyo ukikuta hadiwea tatu za Keroka zina bei moja ya mabati, usikimbilie kumuita mwenye duka kateli. Huenda wote wananunua kwa msambazaji mmoja na kulipa lori lile lile. Mapatano ya kesi hii yalikuwa kule juu kiwandani. Na si kila shilingi iliyoongezeka ni ya kateli: kuna ushuru, mafuta, na bei ya chuma duniani.

8/ Kumbuka pia faini ni adhabu, si fidia. Aliyeezeka nyumba Nyamira 2021 harudishiwi kitu.

9/ Mwanasiasa akisema "nitamaliza makateli", muulize: Mamlaka utaiongezea wachunguzi wangapi? Uchunguzi wa miaka mitatu utaufupisha vipi? Na aliyelipishwa zaidi atadai wapi?