Nisi: Neno la Kisiwa Walilohama Nalo Wanawake wa Krete



Sisi watu wa visiwani tukikutana na lugha ngeni, hupenda kujua kwanza wenyewe kisiwa wanakiitaje. Wagiriki husema nisi. Usilitamke kama unavyotamka sisi. Mkazo uweke mwisho, ni-SI. Vikiwa vingi ni nisia. Hilo ndilo neno la jikoni na sokoni. Lile la zamani, la vitabuni, ni nisos, na ndilo lililojificha katika jina la Indonesia. Na kama kisiwa chetu kilivyotokana na siwa kwa kufanywa kidogo, nisi nayo ilianza kama nisos iliyodogoshwa.

Lakini msidhani ni neno la Wakristo peke yao. Waosmani walishuka Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, mwaka 1645, na mwaka 1669 mji mkuu, ambao leo unaitwa Iraklio, ukaanguka mikononi mwao. Wenyeji wengi wakasilimu. Walibadili dini, lugha hawakuibadili. Sala waliisali kwa Kiarabu kama sisi, kisha wakarudi nyumbani kubembeleza watoto kwa Kigiriki. Hata mantinades, tungo fupi za mistari miwili wanazoimba Wakrete, Waislamu walizitunga pamoja na majirani zao Wakristo. Krete ilikuwa nisi yao wote.

Baadaye kukawa na uasi na damu. Krete ilipopata utawala wake wa ndani mwaka 1898, Waislamu wengi walihama, na baadhi yao wakajenga maisha mapya al-Hamidiyah, pwani ya Sham. Waliobaki walifikiwa na mkataba uliotiwa saini Lausanne tarehe 30 Januari 1923, ambapo Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu. Kipimo kilikuwa dini. Mkristo wa Anatolia aliyejua Kituruki tu alipelekwa Ugiriki. Mwislamu wa Krete aliyejua Kigiriki tu alipelekwa Uturuki. Hawakuulizwa kama wanataka.

Sisi mafundi wa kushona tunajua: ukikata kitambaa kwa kufuata mstari wa chaki bila kutazama maua yake, ua zuri hupasuka katikati.

Wengi walishukia Ayvalık na kisiwa cha Cunda kilicho jirani. Krete walikuwa wakiitwa Waturuki. Walipofika Uturuki, wapo waliowaita nusu makafiri, kwa sababu ya lugha yao tu. Fikiria uchungu wa mama anayefunga Ramadhani na kusimama usiku, kisha imani yake inatiliwa shaka kwa neno analomwitia mwanawe! Hata hivyo, ndani ya nyumba zao lugha iliendelea, na wazee wa Cunda na al-Hamidiyah waliendelea kuizungumza miaka mingi baada ya kuhama.

Tunawaandikia haya kwa sababu wengi wenu mtaolewa mbali. Kuna biharusi anayekwenda Maskati, kuna anayekwenda London, na huko atakuta watu wa kumwambia aache Kiswahili ili aonekane Mwislamu zaidi, au mstaarabu zaidi. Msikubali. Surat Rum inatukumbusha kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Ishara Yake haiwezi kuwa aibu.

Basi mkifunga masanduku, baina ya kanga na udi, tieni na lugha yenu. Na mtoto akizaliwa, inshaallah, akauliza mama yake alitoka wapi, mwambieni kwa neno letu wenyewe: kisiwani.