Moduli za Kuhifadhi Data katika Kompyuta za Viwandani: Kutafuta na Kubadilisha Zilizopitwa na Wakati

Ndani ya mashine nyingi za viwandani, kuanzia za kufungasha vyakula na kukata vyuma hadi mizani ya malori, mna kompyuta ndogo ambayo mwendeshaji haioni. Kwa sababu ya mtikisiko, vumbi na joto, kompyuta hiyo mara nyingi haitumii diski ya kuzunguka. Programu yake huwekwa katika moduli ya flashi yenye ukubwa wa kidole au kiberiti. Mashine yenyewe inaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi, lakini aina ya moduli iliyomo huacha kutengenezwa mapema, na siku inapokufa kiwanda husimama.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia bei ya kipuri. Inafaa kuanza na kilichomo ndani yake, kwani moduli tupu hupatikana kwa kutafuta, ilhali programu ya mashine ambayo mtengenezaji wake amefunga biashara haipatikani popote. Nakala itolewe mashine ikiwa bado nzima.

Kutambua kilichopo

Moduli inayosumbua zaidi ni DiskOnChip ya kampuni ya M-Systems ya Israeli, iliyonunuliwa na SanDisk mwaka 2006. DiskOnChip 2000 ina umbo la chipu nene yenye pini 32 na huchomekwa kwenye soketi ya aina inayotumika kwa chipu za EPROM. Haitengenezwi tena, inayouzwa leo ni iliyobaki maghalani au iliyong'olewa kwenye mbao za zamani. Ikichomekwa kinyume inaweza kuungua, hivyo alama ya pini ya kwanza iangaliwe mara mbili.

Kosa la kawaida ni kuidhani kuwa diski ya IDE. Kompyuta huifikia kupitia dirisha dogo la anwani za kumbukumbu, na programu iitwayo TrueFFS ndiyo huifanya ionekane kama diski. Kwa sababu hiyo hakuna adapta ya kuichomoa na kuweka kadi ya kisasa mahali pake moja kwa moja. Iwapo ubao una kiunganishi cha IDE, fundi huwasha mashine yenyewe, hunakili mafaili yote, huyaweka kwenye kadi ya CompactFlash, kisha huiandaa kadi hiyo iweze kuwasha mfumo. Kama ubao hauna kiunganishi hicho, kinachobaki ni kutafuta DiskOnChip nyingine au kubadilisha ubao.

Moduli za IDE zina nafuu. Zipo za pini 40 na za pini 44, nazo hazibadilishani bila adapta: nafasi kati ya pini ni milimita 2.54 kwa za kwanza na milimita 2 kwa za pili. Ya pini 44 hupata umeme kupitia kiunganishi hicho hicho. Ya pini 40 huhitaji waya wa pembeni, au hupokea volti 5 kupitia pini ya 20 pale ubao unapoziruhusu.

CompactFlash, iliyoletwa na SanDisk mwaka 1994, ina pini 50 na inaweza kufanya kazi kama diski ya IDE kupitia adapta rahisi. Adapta za bei ya chini sana ziepukwe. Baadhi hazina nyaya za DMA, na mfumo ukijaribu kusoma kwa kasi hukwama ukiwa katikati ya kuwaka, fundi akadhani kadi ndiyo mbovu.

Kutoa nakala

Moduli ya IDE au kadi huchomolewa, hupachikwa kwenye kompyuta nyingine na kunakiliwa yote, sekta kwa sekta, kwa programu kama dd ya Linux. Ikiwa imeanza kuchoka, ddrescue inafaa zaidi kwa sababu huruka sehemu zisizosomeka na kuzirudia baadaye. Windows ikiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana.

Kadi mpya lazima iwe na sekta zisizopungua za ile ya zamani. Kadi mbili zilizoandikwa gigabaiti 2 zaweza kutofautiana, na nakala ikakatika mwishoni. Lakini kununua kubwa mno nako kuna taabu: BIOS za zamani zina kikomo cha megabaiti 504, nyingine cha gigabaiti 8.4. Hata ujazo ukilingana, mpangilio wa silinda, vichwa na sekta ukitofautiana mfumo wa zamani unaweza kukataa kuwaka. Kabla ya kuchomoa chochote, mipangilio ya BIOS iandikwe kwenye karatasi, maana betri ndogo ya ubao ikiwa imekufa mipangilio hiyo hupotea umeme ukizimwa.

Leseni nayo iulizwe mapema. Katika SINUMERIK 840D sl ya Siemens, kwa mfano, leseni zimefungwa na namba ya kadi ya CompactFlash yenyewe, hivyo kadi mpya huhitaji kuhamishiwa leseni hata nakala ikiwa kamili.

Kununua na kuingiza

Kadi ya kamera haifai kwa kazi hii, ingawa umbo ni moja. Flashi ya aina ya SLC kwa kawaida hustahimili kuandikwa takriban mara 100,000 kwa kila sehemu. Ya MLC ni maelfu machache tu. Kadi ya viwandani ya kiwango cha juu hufanya kazi kati ya nyuzi -40 na 85, wakati ya kawaida huishia nyuzi 70. Muuzaji aulizwe pia kama kadi hujitambulisha kuwa diski ya kudumu au ya kuchomolewa, kwani Windows XP hugoma kuwaka kwenye aina ya pili. Swissbit ya Uswisi na Innodisk, Apacer na Transcend za Taiwan zimejulikana kwa bidhaa za aina hii.

Kwa kipuri kilichokoma kutengenezwa, muuzaji atume picha ya lebo na ya pini, na bei isilipwe yote kabla ya kupimwa. Kadi bandia hujidai ujazo isio nao. H2testw au F3 huijaza yote na kusoma tena, na udanganyifu hujitokeza.

Kwenye ankara kuandika "memori" pekee hakutoshi. Moduli za flashi huangukia 8523.51 katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji, wakati moduli za RAM ni 8473.30, na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki huongeza tarakimu mbili mbele ya hizo sita. Maelezo yataje kuwa ni kifaa cha kuhifadhi data cha flashi, pamoja na namba ya modeli.

Mashine ikishawaka kwa kadi mpya, iendeshwe zamu nzima na kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa kabla fundi hajaondoka. Moduli ya zamani isifutwe. Iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ikiandikwa namba ya mashine na tarehe iliyotolewa.