Dhana ngumu za sheria na jinsi wanafunzi watu wazima wanavyozielewa

WANAFUNZI wanaojiunga na taaluma ya sheria baada ya miaka mingi katika ualimu, upolisi au biashara huja na tajriba pana. Tajriba hiyo ni hazina, ingawa yaweza pia kuwa kikwazo. Maneno kama vile 'hatia', 'uzembe' na 'ushahidi' wameyazoea kwa maana za kila siku, ilhali sheria huyapa maana mahususi.

Mnamo 2003, wataalamu Jan Meyer na Ray Land walizifananisha dhana za msingi zilizo ngumu na kizingiti cha mlango. Anayekivuka huliona somo zima kwa jicho jipya, na ni nadra arejelee mtazamo wake wa awali. Asiyekivuka huweza kukariri fasili neno kwa neno bila ya kuielewa.

Mfano wa chupa

Chukua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mnamo Agosti 1928, Bi May Donoghue alinunuliwa na rafikiye soda ya tangawizi katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti. Alidai kuwa mabaki ya konokono yalitoka katika chupa hiyo, ambayo haikuwa rahisi kuonekana ndani. Kwa kuwa hakuinunua yeye, hakuwa na mkataba wa kutegemea. Hata hivyo, mwaka wa 1932 majaji watatu kati ya watano wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kujihadhari asimdhuru mtumiaji.

Wanafunzi wengi humkumbuka konokono, lakini hushangaa kuambiwa kwamba hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Majaji walijibu swali la sheria pekee: ikiwa madai hayo ni ya kweli, je, mlalamishi ana kesi? Baadaye mzozo ulimalizwa nje ya mahakama. Kizingiti ni hapo, katika kutenganisha swali la sheria na swali la ukweli wa matukio.

Mbinu zinazofaa

Kwanza, mwanafunzi aeleze uamuzi kwa maneno yake mwenyewe. Pili, mwalimu abadilishe matukio: je, ingekuwaje iwapo chupa ingekuwa angavu na konokono aonekane waziwazi? Swali hilo humlazimisha mwanafunzi kutafuta sababu iliyoubeba uamuzi.

Tatu, tajriba isipuuzwe, bali ihojiwe. Mathalan, aliyekuwa polisi huenda akasema, "Najua alitenda." Aulizwe ni ushahidi gani unaothibitisha hivyo, kwani Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Subira yahitajika, kwa kuwa kutatizika si dalili ya upungufu wa akili. Lakini anayefuzu kwa kukariri tu huwa hajavuka kizingiti, na gharama ya upungufu huo hulipwa na mteja atakayemtetea.