Kasha la Pamoja na Tauni ya Wittenberg, 1527

Kila mwaka, tunapoadhimisha Matengenezo ya Kanisa, husimuliwa jinsi Dkt. Martin Luther alivyokataa kuikimbia tauni iliyoingia mjini Wittenberg mwezi Agosti 1527. Simulizi hiyo ni ya kweli, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Hata hivyo, tunaona kwamba imetuzoeza kuutazama ushujaa wa mtu mmoja, tukasahau kuuliza swali ambalo mtunza hazina wa usharika wo wote angeliuliza kwanza: fedha za kuwahudumia wagonjwa, wajane na yatima zilitarajiwa kutoka wapi, na nani alishika ufunguo? Katika makala hii tunakusudia kulifuata swali hilo.

Wala swali lenyewe halikutujia maktabani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, nyumba za ibada zilifungwa nchini Kenya na Uganda tangu mwezi Machi, na pamoja na milango ya kanisa ikafungwa njia ya sadaka. Saa ile ile ambayo wahitaji waliongezeka, mfuko uliotegemewa kuwasaidia ulikauka. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha mwaka huo huo mfuko wa dharura kwa ajili ya makanisa wanachama, na msaada huo ulikuwa wa neema. Lakini mtu anayesubiri msaada kutoka mbali hana budi kujiuliza kwa nini hapakuwa na akiba karibu. Wazee wetu wa karne ya 16 walijiuliza jambo hilo kabla ya tauni, na ndiyo sababu tunarudi kwao.

Mwanzo wa habari yetu uko katika mafundisho ya wokovu, jambo ambalo msomaji asiyezoea theolojia huenda akalishangaa. Kabla ya Matengenezo, sadaka kwa maskini ilihesabiwa kuwa tendo la kumjengea mtoaji stahili mbele za Mungu. Maskini aliyelala mlangoni pa kanisa alikuwa na kazi yake katika mpango huo: alipokea senti, akamwombea aliyempa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwondoa pale mlangoni. Tayari katika hoja ya 43 ya mwaka 1517 Luther alifundisha kwamba anayempa maskini hufanya vema kuliko anayenunua vyeti vya msamaha. Mwaka 1519, katika hotuba yake juu ya Meza ya Bwana na vyama vya udugu, alisogea mbele zaidi. Vyama vile, alisema, vilikusanya michango ili kula na kunywa pombe siku ya mtakatifu wao. Ingekuwa heri fedha hizo ziwekwe katika hazina moja, zikamsaidie fundi mwenye dhiki au vijana maskini wanaoanza maisha ya ndoa. Na tuangalie mahali aliposema haya: katika mafundisho ya Sakramenti. Kwake yeye, wanaoshiriki mwili mmoja wameshirikishwa pia taabu za wenzao, na hazina ya pamoja ilikuwa tunda la altare.

Tarehe 24 Januari 1522, Luther akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, mji wa Wittenberg ulitoa utaratibu mpya, na Andreas Karlstadt alikuwa na mkono katika kuuandaa. Mapato ya vyama vya udugu na ya nafasi za mapadre zitakazobaki wazi yalielekezwa kwenye kasha moja. Fundi asiyeweza kuendelea na kazi yake kwa ajili ya umaskini aliweza kukopeshwa kutoka humo na kurudisha bila riba, na aliyeshindwa kabisa alisamehewa. Kasha lenyewe, lililofungwa kwa pau za chuma, lingali likitunzwa katika jumba la makumbusho la nyumba ya Luther mjini humo.

Lakini utaratibu unaotufundisha zaidi ni ule wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, uliotolewa mwaka 1523 na kuandikiwa dibaji na Luther mwenyewe. Humo usharika ulichagua wasimamizi 10 kila mwaka: wawili kutoka kwa watu wa ukoo bora, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka raia wa kawaida, na watatu kutoka wakulima wa vijiji vya jirani. Kasha liliwekwa kanisani, nalo lilikuwa na kufuli nne. Kila kundi lilishika ufunguo wake, basi hapakuwa na mtu wala tabaka lililoweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walitakiwa kukutana kila Jumapili kuanzia saa 5 hadi saa 8 mchana, kuandika kila kitu vitabuni, na kutoa hesabu mbele ya usharika wote. Kutoka kasha hilo walilipwa mchungaji na mwalimu, walitunzwa wazee, wagonjwa na yatima, na waliokopeshwa walikopeshwa. Palikuwa na sharti la kuweka akiba ya nafaka kwa ajili ya siku za upungufu. Na kama mapato yasingetosha, kila mwenye nyumba angetozwa mchango wa mwaka kwa kadiri ya uwezo wake. Kifungu hiki cha mwisho ndicho tunachokiona kuwa kizito kuliko vyote. Watu wa Leisnig hawakuamini kwamba hiari peke yake ingetosha wakati wa dhiki.

Tukisema kwamba mpango huo ulifanikiwa, tutakuwa tumewadanganya wasomaji wetu. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali za kale za kanisa zilizokuwa chini yake, na Luther alilazimika kumwandikia Mtawala Mchaguzi Frederick mwezi Agosti 1523 kuomba msaada. Kasha lenye kufuli nne lilibaki bila cha kutosha ndani yake. Katika dibaji yake Luther alikuwa ameonya kwamba watu watainyemelea mali hiyo kwa tamaa, kila mmoja akijichotea. Onyo hilo halikukawia kutimia. Wenye ujuzi wa mabaraza ya sharika hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Tauni na waraka kwa Hess

Hayo yote yalikuwa yametangulia tauni ilipoingia Wittenberg. Mji ule ulikuwa mdogo, wenye watu wapatao 2,000, na sehemu kubwa ya riziki yao ilitokana na chuo kikuu. Tarehe 10 Agosti 1527 Mtawala Mchaguzi Johann alimtaka Luther ahamie Jena pamoja na wenzake. Chuo kilihama. Tufikiri maana yake kwa mwenye nyumba ya kupangisha, kwa mwoka mikate, kwa mfua nguo: wanafunzi waliondoka na fedha zao, ugonjwa ukabaki. Luther alibaki pia, pamoja na mchungaji wa mji Johannes Bugenhagen na mashemasi. Mke wa meya alifariki Luther akiwa ametoka tu kumhudumia. Mke wa shemasi Georg Rörer, ambaye alikuwa dada yake Bugenhagen, alifariki mwezi Novemba pamoja na mtoto aliyekuwa akimzaa. Nyumba ya Luther, yaani iliyokuwa monasteri ya Waagustino, iligeuka hospitali, huku Katharina akiwa mjamzito na mwanao Hans akiugua. Binti yao Elisabeth alizaliwa tarehe 10 Desemba, naye akafariki mwaka uliofuata kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kwa wanafunzi wachache waliobaki, Luther aliendelea kufundisha. Kuanzia Agosti hadi Novemba alifafanua Waraka wa Kwanza wa Yohana, na hivyo mlango wa tatu, aya ya 17, inayohoji upendo wa Mungu utakaaje ndani ya mwenye riziki anayemzuilia nduguye huruma, ilisomwa katika mji uliokuwa ukizika watu wake.

Katika miezi hiyo ndipo alipomjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau (leo Wrocław, nchini Poland), aliyekuwa ameuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Jibu lake lajulikana: wenye ofisi ya kuhubiri na ya kutawala wasiondoke, isipokuwa wamebaki wengine wa kutosha; aliyefungwa na wajibu kwa jirani asimwache; asiyehitajiwa na ye yote yuko huru kwenda zake. Aliwakemea pia wale waliodharau dawa na tahadhari wakidai kumtegemea Mungu. Haya hunukuliwa sana, na mwaka 2020 yalinukuliwa karibu kila mahali, pengine mpaka kupita kiasi.

Kuna sehemu nyingine ya waraka huo ambayo hunukuliwa kwa nadra, nayo ndiyo kiini cha hoja yetu. Luther asema kwamba lingekuwa jambo jema na la Kikristo kama miji na nchi zingekuwa na hospitali za umma pamoja na watu wa kuwahudumia wagonjwa, ili raia asilazimike kugeuza nyumba yake hospitali. Anaongeza kwamba wazee wa kale waliacha wakfu na nyumba za wagonjwa kwa kusudi hilo hilo. Kisha tu anasema kwamba pasipokuwa na mahali kama hapo, na ni pachache palipokuwa napo, kila mmoja hana budi kuwa mwuguzi wa mwenzake. Tafsiri yetu ni hii: tendo lile la mwaka 1527 tunalolisifu, nyumba ya Luther kujaa wagonjwa, kwa hukumu ya Luther mwenyewe lilikuwa njia ya pili. Lilifanyika kwa sababu njia ya kwanza haikuwapo.

Na yule aliyeandikiwa alilijua jambo hili kuliko aliyeandika. Yasimuliwa kwamba mwaka 1525 Hess aliacha kupanda mimbarini, kwa kuwa hakutaka kuwaruka maskini waliolala mlangoni pa kanisa. Baraza la Breslau likashughulika, na hospitali ya Watakatifu Wote ikaanzishwa mwaka 1526.

Wageni, na makasha mawili

Tusiifiche kasoro ya taratibu hizi. Ziliwakataza ombaomba wa kutoka nje, na kasha lilikuwa kwanza la watu wa mahali. Leisnig ilitaja msaada kwa wageni wanaokuja kuishi, lakini mpita njia asiye na usharika alipelekwa zake. Na wakati wa tauni mpita njia ndiye anayeogopwa kwanza. Hapa Kanisa la kale linatuaibisha sote. Tauni ilipoipiga Karthago katikati ya karne ya tatu, Askofu Sipriani aliwakusanya Wakristo, akawagawia kazi kwa kadiri ya hali zao: wenye mali watoe fedha, wasio nazo watoe nguvu za mikono. Huduma hiyo, kama asimuliavyo Pontio aliyeandika maisha yake, haikuishia kwa waaminio, ijapokuwa Kanisa lilikuwa limetoka katika mateso ya serikali ya Kaisari Decius. Sipriani huyo huyo alituma sesterti 100,000 Numidia kuwakomboa mateka, pamoja na majina ya waliochanga ili waombewe. Pana uangalifu wa hesabu hapo, na pana moyo mpana; Leisnig ilikuwa na cha kwanza zaidi ya cha pili.

Kasoro nyingine ilikuwa ya ndani, nayo yatugusa. Kasha moja lilimlisha mchungaji na maskini pamoja. Fedha zikiwa chache, ni nani atangulie? Mwenye mshahara ana mkataba na sauti katika kikao. Mjane anayelala na homa hana. Mwaka 2020 mabaraza mengi ya sharika yalikutana na hesabu hiyo hiyo, nasi tuliokaa katika vikao vya namna hiyo twajua ilivyokuwa vigumu kusema lo lote bila kujisemea wenyewe.

Bugenhagen aliliona tatizo hili. Mwezi Mei 1528, miezi michache baada ya tauni kupungua, alitoka Wittenberg kwenda Braunschweig, ambako mji ulimwomba atengeneze utaratibu wa kanisa. Mtu aliyekuwa amemzika dada yake katika tauni hakuandika utaratibu wa kasha moja. Aliweka makasha mawili. La kwanza lilikuwa la mishahara na majengo. La pili lilikuwa la maskini na wagonjwa peke yao, nalo likakabidhiwa kwa mashemasi waliochaguliwa kwa mfano wa Matendo ya Mitume 6. Mwaka uliofuata alipeleka utaratibu wake Hamburg, na mwaka 1531 Lübeck.