Habari za Upepo na Habari za Waya

Ukiteremka, msomaji, kutoka Kibokoni hadi Bandari ya Kale ya Mombasa, utaona mbele ya nyumba nyingi mabaraza ya mawe yaliyojengwa pamoja na kuta. Usidhani yalijengwa kwa ajili ya uvivu. Zamani, kabla ya waya, habari za dunia zilifikia hapo.

Habari hizo zililetwa na upepo. Majahazi ya Maskati, Sur na Hadhramauti yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Mtu aliyetaka kumwuliza nduguye aliyeko Maskati kama mama yao yu mzima, aliandika barua kwa hati za Kiarabu akampa nahodha mwezi wa Aprili, na jawabu hakulitazamia mpaka kaskazi ya pili ivume. Fikiri juu ya muda huo. Pengine mgonjwa aliyeulizwa alikuwa amekwisha kuzikwa siku barua ilipotiwa mkononi mwa nahodha. Kwa hiyo barua ilikuwa ndefu, na salamu zilitajwa kwa jamaa mmoja mmoja. Wala mletaji hakuachwa aende zake: aliketishwa barazani, akanyweshwa kahawa, akaulizwa yale ambayo mwandishi hakuthubutu kuyaandika.

Mwaka 1890 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Mombasa. Unguja nayo ilikuwa imeungwa na Aden tangu 1879. (Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya; zamani kupiga simu kulikuwa kupeleka maneno yaliyoandikwa, si kusema.) Tangu hapo habari ya London iliweza kufika kisiwani kwa saa chache. Lakini nani aliipokea? Waya ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, ukawatumikia zaidi watawala na wafanya biashara wakubwa. Ada ilitozwa kwa idadi ya maneno. Hata salamu, ambazo kwetu ni nusu ya barua, zikawa anasa. Mtu wa Kuze aliendelea kungoja kaskazi.

Nyaya za siku hizi zimefuata bahari ile ile. Mwaka 2009 waya wa TEAMS, wenye urefu wa takriban kilomita 5,000, ulifikishwa Mombasa kutoka Fujairah, upande ule ule wa Arabuni majahazi yalikotoka. Safari hii mtu wa Kuze hakuachwa nje. Kijana ambaye kakaye yuko Dubai humwona uso kila usiku katika simu, na habari ya msiba hufika kabla maiti hajaoshwa. Fedha nazo ni vivyo hivyo. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, aliyetaka kumpelekea mamaye fedha Lamu alitafuta msafiri au dereva wa basi amwaminiye. Sasa hana haja ya mchukuzi. Hilo ni jema kubwa, wala sitaki kulipunguza. Ila pamoja na mchukuzi ametoweka shahidi, yule aliyeona kwa macho yake kwamba mama amekonda, akarudi kusema.

Wala waya si madhubuti kama tudhanivyo. Tarehe 25 Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ya Mombasa, ikaukata waya wa TEAMS, na mawasiliano ya intaneti yakadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki.

Pita barazani jioni utawakuta watu wanne wameketi kama zamani, kila mmoja ameinamia simu yake. Wazee huwalaumu vijana, nami naona lawama hiyo ni nusu tu ya kweli, maana watu waliinamia magazeti pia. Lakini Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, nakala moja iliweza kutosha baraza zima: mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, wakabishana. Simu imetengenezwa kwa macho ya mtu mmoja. Hao wanne huenda wanasoma habari moja, na hakuna anayejua kwamba mwenzake anaisoma.