Nani Alimwita Mtoto Namrudi?

Bibi yangu alisoma Kurani, lakini herufi za Kirumi hakuzijua. Kwa hiyo kila likizo nilipokwenda kwake Tanga, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumsomea gazeti yeye akinywa chai ya rangi. Siku moja habari ilikuwa ya Bunge, na ndani yake mlikuwa na jina la Nimrod Mkono, mwanasheria na mbunge kutoka mkoa wa Mara, aliyefariki mwaka 2023. Bibi akaniambia nisome tena. Nikasoma.

“Namrudi?”

“Nimrod, bibi.”

“Ndiye huyo huyo.” Akaweka kikombe chini. “Mama yake alikosa majina?”

Kama hukuketi kwenye mkeka wa chuo cha Kurani, huenda hujui kilichomshtua. Katika visa vya mitume tulivyohadithiwa, Namrudi ni mfalme wa Babil aliyejifanya mungu. Nabii Ibrahimu alipovunja masanamu, Namrudi aliamuru ukokwe moto mkubwa, akamtupa humo, na moto ukapoa. Mwisho wa Namrudi ndio tulioupenda sisi watoto: mbu alimwingia puani akapanda hadi kichwani, na mfalme hakupata nafuu ila pale watumishi walipompiga utosini. Tulikuwa tukiigiza, na kila mtu alitaka kuwa mtumishi.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kugundua kwamba Kurani yenyewe haimtaji kwa jina. Aya ya 258 ya Suratul Baqara inasema tu kuna mtu aliyepewa ufalme akabishana na Ibrahimu, na Ibrahimu akamshinda kwa hoja ya jua. Jina wamelitia wafasiri. Na nilipofungua Biblia nikashangaa zaidi. Nimrodi anapewa aya tano hivi katika sura ya 10 ya Mwanzo: ni mwana wa Kushi, mtu hodari, mwindaji ambaye sifa zake zimegeuka msemo, na ufalme wake ulianzia Babeli, Ereki na Akadi. Basi. Hakuna moto wala Ibrahimu. Hata mnara wa Babeli unakuja katika sura inayofuata, na yeye hayumo. Familia ya Kikristo ikimtafutia mtoto jina humo inakutana na mwindaji hodari, na sioni kwa nini isilichukue.

Sasa uovu ulitoka wapi? Jibu fupi ni kwamba ulitoka katika sarufi.

Kiebrania, kama Kiarabu, hujenga maneno juu ya mizizi ya konsonanti. Mzizi m-r-d unahusu uasi. Waarabu nao wanao, na ndio uliozaa jina la Tamarod, vuguvugu la vijana wa Misri la mwaka 2013 lililokusanya saini za kumpinga Rais Morsi. Ukiutanguliza kwa n- ya Kiebrania, ambayo hapa inafanya kazi ya tu- yetu, unapata nimrod: tutaasi, au tuasi. Kwa hiyo mtu anayejua Kiebrania hasikii jina tu. Anasikia kitenzi kizima, chenye nafsi ya wingi na kauli ya wakati ujao. Wataalamu wa leo wana mawazo mengine kuhusu asili yake, na baadhi yao wanalihusisha na Ninurta, mungu wa vita na uwindaji wa Mesopotamia. Lakini marabi hawakuwa na haja ya Ninurta. Walisikia “tuasi”, wakauliza: tumwasi nani? Wakajibu: Mungu, nani mwingine?

Hapo kisa kikaota mbawa. Katika Bereshit Rabba, mkusanyo wa zamani wa masimulizi ya marabi, Nimrodi anamtaka Abrahamu auabudu moto. Abrahamu anasema afadhali maji, kwa kuwa yanauzima moto. Haya, abudu maji. Basi afadhali mawingu, ndiyo yanayoyabeba maji. Abudu mawingu. Afadhali upepo, ndio unaoyatawanya. Abudu upepo. Afadhali binadamu, anayeustahimili upepo. Nimrodi anachoshwa na maneno na kumtupa Abrahamu motoni. Ukisoma unauona uso wa Namrudi wa chuoni kwetu, ila mbu tu.

Rashi, mfasiri mkubwa wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alishikilia kwamba huyu aliwinda watu: aliwanasa kwa ulimi wake na kuwaasisha. Si wote waliokubali. Karne iliyofuata, Abraham ibn Ezra alionya kwamba si kila jina litafutiwe sababu ambayo Maandiko hayakuitaja, na akaeleza kwamba Nimrodi alijenga madhabahu akamtolea Mungu wanyama aliowawinda. Nampenda Ibn Ezra kwa hilo. Abrahamu mmoja, japo wa Hispania, alimtetea Nimrodi! Lakini utetezi wake haukuuzika.

Kulikuwa pia na swali la bibi yangu. Talmudi ya Babeli, iliyokusanywa katika nchi ile ile anayosimuliwa kuitawala Nimrodi, inaichukua kauli ya kitabu cha Mithali kuhusu jina la waovu kuoza na kuigeuza kuwa desturi: waovu hawarithiwi majina. Kwa karne nyingi Wayahudi walio wengi wakawa na kina Abrahamu, Isaka na Musa wasiohesabika. Nimrodi alibaki kwenye kundi la wasioguswa, pamoja na mfalme Omri, na Abiramu aliyemezwa na ardhi kwa kumpinga Musa.

Kisha akaja kijana mmoja na jiwe.

Yitzhak Danziger alizaliwa Berlin mwaka 1916, akapelekwa Palestina akiwa mtoto, akaenda London kusomea uchongaji. Aliporudi, alichonga sanamu isiyofikia mita moja, aliyoimaliza mwaka 1939. Jiwe lake ni la mchanga, jekundu, lililoletwa kutoka Petra, la aina ambayo wanajiolojia huiita ya Nubia. Sijui kama Danziger aliwaza hivyo, lakini mwana wa Kushi alipata jiwe lenye jina la nchi ya Kushi. Ni mwanamume kijana, yu uchi, amebeba upinde mgongoni, kipanga amemtulia begani. Na hajatahiriwa. Danziger aliiita Nimrod.

Watu wa dini walikasirika, na hasira yao inaeleweka. Tohara ndiyo alama ya agano la Abrahamu. Hapa kuna Myahudi, katika nchi ya Abrahamu, anamchonga adui wa Abrahamu bila alama ya Abrahamu, na anamchonga kwa mapenzi kabisa.

Kundi dogo la vijana liliiona sanamu ile kama bendera yao. Kiongozi wao alikuwa mshairi Yonatan Ratosh, mzaliwa wa Warsaw. Alifundisha kwamba taifa la Waebrania hujengwa na ardhi na lugha, na kwamba dini ya Kiyahudi ni mambo ya ughaibuni. Kijana wa pale azitafute nasaba zake katika Mashariki ya kale, kabla ya marabi. Mshairi mwenzake, Avraham Shlonsky, aliwabandika jina la Wakanaani kwa kejeli, nalo likaganda. Kisiasa hawakufika mbali. Walikuwa wachache, na kwa upande mmoja fikra yao ilikuwa na upofu mkubwa: Waarabu wenyeji, waliokuwa wakiishi pale na majina yao na lugha yao, walitakiwa kumezwa na taifa hilo jipya la Kiebrania. Mtu anaweza kuasi dhidi ya babu yake na wakati huo huo akamtawala jirani yake bila kuuona mgongano wowote.

Katika majina, hata hivyo, hewa yao ilienea kuliko chama chao. Enzi hizo kubadili majina kulikuwa karibu na wajibu wa kitaifa. David Grün alishajiita Ben-Gurion, na Golda Meyerson akaja kuwa Meir. Wazazi waliozaliwa wakiitwa kwa Kiyidi hawakutaka watoto wao wanuke ughaibuni. Wakaifungua Biblia kama ardhi isiyo na mwenyewe, wakaokota yale yaliyokuwa yameachwa yaoze: Omri, Aviram, Amnon, Anat ambalo ni jina la mungu wa kike wa Kikanaani. Na Nimrod. Likawa jina la kijana wa jua na shamba, mwenye misuli, asiyeinama. Kitenzi kilikuwa bado kinasikika, ila yambwa yake ilibadilika. Tumwasi nani? Baba. Babu. Rabi wa kijijini Poland.

Binafsi naona ushindi wa jina hilo ndio uliolimaliza. Mtoto wa kwanza kuitwa Tuasi ni tangazo la vita nyumbani. Leo katika Israel ni jina la kawaida la kiume. Mtu anaitwa hivyo kwa sababu mjomba wake aliitwa hivyo, yaani kwa sababu ile ile iliyowafanya watu wa kale waitane Abrahamu. Sanamu ya Danziger iko katika Jumba la Makumbusho la Israel, Jerusalem, katika usalama wa vioo na walinzi. Kwingineko jina limepata misukosuko mingine. Mwanahistoria wa Hungaria wa karne ya 13, Simon wa Kéza, alimfanya Nimrodi baba wa Hunor na Magor, mababu wa kabila lao, na huko hadi leo wapo wavulana wanaoitwa Nimród bila aibu. Marekani ndiyo iliyomkomesha: katika Kiingereza chao cha mitaani, nimrod ni mtu mpumbavu. Mwisreli wa jina hilo akitua New York huenda akalazimika kujieleza kuliko alivyowahi kujieleza kwa rabi yeyote.

Nilimpelekea bibi haya yote likizo iliyofuata. Nilianza na sarufi, nikaona macho yake yanaelekea dirishani, nikairuka. Nilimweleza marabi walivyokuwa na desturi ya kutowapa watoto majina ya waovu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za jamaa wa mbali wenye akili. Nikamwambia kwamba siku hizi, huko Jerusalem, kina mama wanawaita watoto wao Namrudi na hakuna anayeshtuka.

“Wayahudi?”

“Ndiyo, bibi.”

“Hawa hawa wa kizazi cha Ibrahimu?”

“Hawa hawa.”

Alikaa kimya muda mrefu, tasbihi imesimama mkononi. Halafu akaniuliza kama kwenye hadithi yao wana yule mbu. Nikamwambia wao wana mwingine, wamemweka kwa mfalme wa Kirumi, Tito, aliyelibomoa hekalu lao. Huyo naye aliingiwa puani. Bibi akacheka, akasema basi mbu yule alikuwa na kazi nyingi, akanituma dukani nikalete sukari.