Mwaka wa Modeli: Nambari Isiyo Tarehe

Orodha ya magari ya Chevrolet Corvette ina pengo moja. Ipo modeli ya 1982, ipo ya 1984, lakini ya 1983 haikuuzwa hata moja. Kiwanda cha Bowling Green, jimbo la Kentucky, hakikufungwa mwaka huo. Kiliunda Corvette kwa maelfu, na wanunuzi wakaanza kuzichukua mwaka uleule wa 1983. Kilichotokea ni kwamba kizazi kipya cha gari hilo kilichelewa, na General Motors ikaamua kukiingiza moja kwa moja kwenye hesabu ya 1984. Magari machache ya majaribio yaliyokuwa yameshaundwa kwa jina la 1983 yaliteketezwa, likabaki moja tu, ambalo sasa limewekwa kwenye jumba la makumbusho ya Corvette katika mji huohuo. Mfasiri apewe waraka wa gari la kizazi hicho ulioandikwa "model year 1984", naye aandike "mwaka wa kutengenezwa: 1984". Kama gari lenyewe lilitoka kiwandani Machi 1983, amesema uongo. Akijisahihisha kwa kuandika "Corvette ya 1983", amelitaja gari ambalo halikuwahi kufika dukani. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba nambari ile ni tarehe.

Sheria za Marekani, ambako istilahi hii ilizaliwa na kukomaa, zinalisema jambo hili bila kuzunguka. Kanuni za utambulisho wa magari zinaeleza kwamba mwaka wa modeli ni ule unaotumika kuipambanua modeli fulani, bila kujali gari liliundwa mwaka gani wa kalenda, mradi kipindi cha kuliunda kisizidi miezi 24. Kanuni za moshi, zilizo chini ya shirika la mazingira EPA, zina kipimo chao: kipindi cha uundaji kinachobeba jina la mwaka fulani sharti kiiguse Januari mosi ya mwaka huo, na kisiiguse ya mwaka mwingine. Kwa hesabu hiyo modeli ya 2015 ingeweza kuanza kuundwa Januari 2, 2014 na kuendelea hadi Desemba 31, 2015. Ndani ya nafasi hiyo pana, mwenye kiwanda ndiye anayeamua aanzie wapi na akomee wapi. Gari lenyewe linauonyesha uamuzi huo kwa yeyote anayejua pa kutazama. Fungua mlango wa dereva wa Ford Mustang ya kizazi cha sita iliyouzwa Marekani: pembeni kuna kibandiko chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, tuseme 08/14. Kisha isome namba ya chasisi inayoonekana chini ya kioo cha mbele, uhesabu mpaka alama ya kumi. Hapo pana herufi F, nayo ni 2015. Kibandiko na chasisi havipingani, maana kila kimoja kinajibu swali lake.

Desturi hii haikuanzia kwenye sheria. Ilianzia kwenye biashara, miaka ya 1920, pale Alfred Sloan wa General Motors alipoona kwamba soko linakaribia kujaa na kwamba mwenye gari zima hatanunua jingine asipopewa sababu. Sababu ikawa sura mpya kila mwaka. Baadaye, mwaka 1935, katika kupambana na mdororo wa uchumi, serikali ya Franklin Roosevelt na wenye viwanda walihamisha uzinduzi wa magari mapya kutoka Januari kwenda msimu wa vuli, ili ajira viwandani zisipande na kuporomoka kwa msimu. Tangu hapo Mmarekani akazoea kuliona gari la mwakani dirishani mwa duka kuanzia Septemba au Oktoba. Kwa gari la kawaida la familia mpango huo ulitosha, na tofauti ya miezi mitatu haikumpotosha mtu sana. Magari ya kasi ndiyo yaliyoivunja ratiba. Gari la aina hiyo huzinduliwa pale litakapozungumzwa zaidi, kwenye maonyesho makubwa au kabla ya msimu wa mashindano, na vuli ikiwa mbali haliisubiri.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Mustang yenyewe ya mwanzo. Uundaji ulianza Dearborn mwezi Machi 1964, na gari likazinduliwa Aprili 17 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, miezi kadhaa kabla ya msimu wa kawaida. Ford iliyaita yote, tangu la kwanza, modeli ya 1965, na namba zake za chasisi zinaanza na tarakimu 5. Kipindi hicho kimoja kilizaa magari 680,989, na kati ya hayo 121,538 yaliundwa kabla ya mabadiliko ya katikati ya mwaka 1964. Mabadiliko hayo hayakuwa ya rangi na mapambo tu. Magari ya mwanzo yalichaji betri kwa dainamo, yaliyofuata yakawekewa alteneta; injini ndogo ya silinda sita ikabadilishwa, na ile ya V8 ya inchi za ujazo 260 ikaipisha ya 289. Mwenye jicho anazitofautisha akiwa amekaa kwenye kiti, kwa kuitazama taa ya onyo kwenye dashibodi: ya zamani imeandikwa GEN, ya baadaye ALT. Wapenzi wa gari hilo walihitaji namna ya kulitaja kundi la kwanza, wakabuni jina "1964½", ambalo Ford haikulitumia rasmi. Nusu ile inachekesha kidogo ukiifikiria. Kama nambari ingekuwa tarehe, Aprili 1964 isingehitaji nusu yoyote. Ingekuwa 1964 tu. Nusu inaeleweka pale tu unapokubali kwamba wanaoitumia wanataja kundi la magari lililo kati ya modeli mbili.

Nambari hiyo hubeba pia masharti ambayo gari lilipaswa kuyatimiza, na hapo ndipo kuifasiri vibaya kunapogharimu. Cheti cha EPA cha kuruhusu gari liuzwe hutolewa kwa mwaka mmoja wa modeli, na viwango vya moshi hupangwa hivyohivyo. Hata nguvu za injini husomwa kwa njia hiyo. Injini ya inchi za ujazo 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 365 kwenye Corvette ya modeli ya 1971 ilitangazwa 270 kwenye ile ya 1972. Msomaji wa haraka ataona injini imenyongwa. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na kubadilika kwa upimaji: zamani injini ilipimwa ikiwa tupu juu ya meza ya majaribio, tangu modeli ya 1972 ikapimwa ikiwa imefungiwa vifaa vyake vyote kama ilivyo ndani ya gari. Corvette iliyoundwa Oktoba 1971 ni modeli ya 1972 na ina nambari za kipimo kipya. Atakayeiita "ya mwaka 1971" kwa sababu tu ndio mwaka wa kalenda iliyoundwa, kisha akailinganisha na ndugu yake wa Mei mwaka huohuo, atatafuta ubovu usiokuwepo.

Basi Kiswahili kiseme nini? "Mwaka wa kutengenezwa" tumeshaona unakopeleka. Wengine hupendekeza "mwaka wa toleo", na mwanzoni neno linavutia, maana wachapishaji wetu wana "toleo la pili" la kitabu, ambalo halimwambii mtu tarehe. Lakini likitanguliwa na "mwaka wa", msikilizaji anasikia mwaka ambao kitu kilitolewa, yaani hasa kile tunachotaka asikisikie: Mustang ya kwanza ilitolewa 1964. Nachagua "mwaka wa modeli" kwa vichwa vya majedwali na nyaraka, na katika sentensi "modeli ya 1965". Neno modeli liko midomoni mwa mafundi na madalali, na katika nchi za Ghuba, ambako Waswahili wengi wa Maskati na Dubai hununua magari, Kiarabu cha sokoni nacho hulitaja gari kwa neno hilohilo na nambari yake. Juu ya hayo, modeli ndiyo inayobeba maana katika sheria niliyoitaja: mwaka umetumwa kuipambanua modeli, ni mtumishi wake.

Atasema mtu kwamba neno "mwaka" likibaki mle ndani, upotoshaji nao umebaki. Sidhani. Mswahili hajawahi kufungwa na Januari. Mwaka wa fedha Tanzania na Kenya huanza Julai, na hakuna mhasibu anayepotea; Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa Julai kwa hesabu ya mwaka wa jua ambayo ni kongwe kuliko kalenda za ofisini. Kinachoondoa utata ni neno linalofuata "mwaka", na lugha imezoea kulisubiri. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba modeli tayari ina maana nyingine, aina ya gari: Corolla ni modeli, Mustang ni modeli. Ni kweli, na katika fomu yenye safu mbili zinazofuatana, "modeli" na "mwaka wa modeli", karani mvivu anaweza kuteleza. Hata hivyo maana hizo mbili ni jirani. Mustang ni modeli, na modeli ya 1965 ni hali ya Mustang hiyo kwa masharti ya mwaka huo. Ningeogopa zaidi kama zingekuwa maana zisizojuana.

Wapo pia wanaoona kwamba mambo haya yote ni hila ya kuuza, kwamba gari linapewa jina la mwakani lionekane bichi. Hila imo, na Sloan mwenyewe hakuwa anagawa sadaka. Lakini hila haiufuti ukweli wa istilahi. Toyota GR Supra ilianza kuundwa Machi 2019 kwenye kiwanda cha Magna Steyr, Graz, nchini Austria. Huko Japani iliingia sokoni Mei 2019 bila haja ya jina la mwaka mwingine, na huko Marekani iliuzwa kama modeli ya 2020. Gari ni lilelile, la kiwanda kilekile, na nchi moja inalihesabu kwa njia ambayo nyingine haiihitaji. Uingereza haitaki kabisa mwaka wa modeli katika namba za usajili: tangu 2001 tarakimu mbili za kibao hubadilika Machi na Septemba, kwa hiyo gari lenye 24 lilisajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia Machi 2024 na lenye 74 kuanzia Septemba ya mwaka huo. Porsche 911 Carrera RS 2.7 nayo inajulikana kama gari la 1973, ingawa ilionyeshwa Paris Oktoba 1972. Anayetafsiri historia ya gari hilo akaandika kwamba "lilitengenezwa 1973" atakuwa ameyafuta mamia yaliyotoka kiwandani kabla ya mwaka huo kuanza.

Swali la mwisho linatugusa sisi. Je, mnunuzi wa Afrika Mashariki ana haja gani na neno hili, ikiwa magari mengi anayonunua yanatoka Japani yakiwa yameshatumika? Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane, na hesabu yake huanzia mwaka wa usajili wa kwanza. Tanzania huongeza ushuru wa bidhaa kadiri umri wa gari unavyozidi viwango vilivyowekwa, na hapo umri hutazamwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Marekani kwenyewe, sheria inayoruhusu magari ya nje yasiyofuata viwango vyao baada ya miaka 25 haitazami mwaka wa modeli. Inahesabu tangu mwezi lilipoundwa, ndiyo maana Nissan Skyline GT-R ya R34, iliyoanza Januari 1999, ilianza kuruhusiwa Januari 2024. Kwa hiyo, linapokuja suala la forodha, mwaka wa modeli mara nyingi hauna kazi, nalikubali hilo bila kusita. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutouchanganya na miaka ile inayofanya kazi. Wakala wa forodha anayenakili herufi ya kumi ya chasisi ya gari la Marekani kwenye nafasi ya mwaka wa kutengenezwa anaweza kulifanya gari kuwa dogo kwa mwaka mzima, na anayefanya kinyume anamwagizia mteja spea za modeli isiyo yake.

Kwa gari lililouzwa ndani ya Japani, nafasi ya mwaka wa modeli iachwe wazi. Namba zake za chasisi hazina alama ya mwaka, na cheti cha kulisafirisha nje hutaja mwezi wa usajili wa kwanza, mara nyingi kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Si kwamba Wajapani hawabadilishi magari yao kila mwaka. Subaru Impreza WRX STI ya chasisi GDB ilipita mabadiliko kadhaa kati ya 2000 na 2007, na Subaru iliyapa herufi, A hadi G. Anayetafuta spea za gari hilo humfaa zaidi kujua kama ni C au F kuliko kujua mwaka uliogongwa kwenye cheti.